Anwani ya Kompyuta ya Kikundi Isihamehame

Leo tuongee juu ya kompyuta inayotunza hesabu zenu, ile yenye Ubuntu Server, mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha.

Kompyuta ikiwashwa huomba anwani kwa ruta. Leo yaweza kupewa hii, kesho nyingine. Basi mweka hazina akitafuta daftari la mikopo kutoka meza ya pili halioni, na fundi analipwa tena. Dawa ni anwani ya kudumu.

Yanahitajika mambo manne: anwani yenyewe, mfano 192.168.1.20, alama ya /24, inayoonyesha majirani ni akina nani, lango, yaani ruta, mara nyingi 192.168.1.1, na DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Chagueni anwani ambayo ruta haigawi. Kompyuta mbili zikiwa na anwani moja, zote zitasumbuka.

Haya huandikwa katika faili iliyo ndani ya /etc/netplan. Pangeni mistari kwa nafasi, siyo kwa kitufe cha Tab. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao: kwanza nakilini faili ya zamani, nakala ikae nje ya folda hiyo. Kisha andikeni:

sudo netplan try

Mpango mpya utajaribiwa kwa sekunde 120. Msipobonyeza Enter kuukubali, ule wa zamani unarudi wenyewe.

Mwisho, mambo hayo manne yaandikwe katika daftari la katibu. Yakikaa kichwani mwa kijana mmoja, siku akihamia mjini, si ameondoka nayo?