Matone ya Kuzuia Kuhara kwa Watoto Wachanga
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Sisi wa kamati ya akina mama tuliombwa tuseme habari za chanjo ya kuhara. Wako waliouliza mlangoni, je, chama kimeacha mambo ya mshahara kikaingia mambo ya matumbo ya watoto? Ngojeni kidogo, mtaona kwamba mambo haya mawili ni ya nyumba moja.

Kuhara ni kwa namna nyingi. Lakini kule kunakowalaza watoto wachanga wengi zaidi hospitalini huletwa na kijidudu kiitwacho virusi vya rota. Kilijulikana mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, wakati Ruth Bishop na wenzake walipotazama kwa darubini kubwa vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara. Umbo lake ni kama gurudumu, na jina rota kwa Kilatini maana yake ni hilo hilo gurudumu.

Kijidudu hiki hakichagui mtu. Hata mtoto wa mkubwa, mwenye maji ya mfereji ndani ya nyumba, hukipata, maana chembe chache tu zatosha, nazo hukaa mikononi na juu ya vyombo. Tofauti ni kwamba mtoto wa mkubwa hufikishwa kwa daktari kwa motokaa. Wetu hutapika, hupata homa, huhara maji matupu, na kwa siku moja au mbili macho yameingia ndani. Kinachomwua ni kuishiwa na maji mwilini.

Basi kinga hupatikanaje? Madaktari waliwafuata watoto wa Mexico tangu kuzaliwa, wakatoa habari yao mwaka 1996. Waliona kwamba mtoto akishapatwa mara moja, mara ya pili huwa nafuu, na aliyepatwa mara mbili hakuugua sana tena. Utumbo umejifunza kumtambua adui. Chanjo hufanya kazi hiyo hiyo bila mtoto kupita katika hatari. Ni kijidudu kilichodhoofishwa, kinatiwa kinywani kwa matone, wala hakuna sindano, kwa sababu mahali pa vita ni utumbo na askari wafundishwe pale pale.

Hatutaki kuwadanganya. Chanjo hii haina nguvu sawa kila mahali. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, ilizuia kuhara kukali kwa watoto 77 katika kila 100 ambao wangeugua huko Afrika Kusini, na Malawi 49 tu. Sababu zatajwa nyingi: kinga ambayo mtoto amepewa na mama yake huweza kuyapiga matone kabla hayajafundisha, tena kuna lishe, na vijidudu vingine tumboni. Lakini mama asisikie haya akanyima mtoto ziwa. Kumchelewesha kunyonya saa ya chanjo kulijaribiwa, na hakukuleta faida. Na mahali wanapougua wengi, hata nusu ni watoto wengi mno.

Tena tuseme juu ya hofu. Ni kweli chanjo moja ya kwanza iliondolewa Marekani mwaka 1999, kwa kuwa mtoto mmoja hivi katika 10,000 aliingiwa na utumbo ndani ya utumbo. Chanjo za sasa zilipimwa kwa makumi ya maelfu ya watoto kabla ya kutolewa, na hatari hiyo ni ndogo sana, ingawa haikwisha kabisa. Mtoto akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, au akitoa damu chooni, apelekwe hospitali mara moja.

Kenya ilianza kuwapa watoto matone haya mwezi wa Julai 2014. Dozi ya kwanza ni juma la 6, ya pili juma la 10, na kwa chanjo za aina nyingine iko ya tatu juma la 14. Muuguzi ataandika katika kitabu cha mtoto.

Sasa hapo ndipo penye neno letu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Miezi mitatu ni majuma 13. Hesabuni wenyewe: aliyeanza likizo majuma mawili kabla ya kuzaa amerudi kazini mtoto ana majuma 11. Na kibarua wa siku hurudi mapema kuliko hapo, maana asipochuma hali.

Mwenzetu mmoja, jina tunalificha, aliomba ruhusa ya asubuhi moja tu. Nyapara alimwambia achague kliniki au kazi. Alichagua kazi, kwa kuwa ana watoto wengine watatu. Mtoto alipofika miezi mitano alihara, akalazwa siku nne akitiwa maji ya mshipa. Amepona, tunashukuru. Hatuwezi kuapa kwamba matone yangalimwokoa, lakini mama yule alipoteza mshahara wa siku nne kwa kunyimwa asubuhi moja. Mwajiri naye alipoteza siku nne za kazi, jambo ambalo nyapara hakulipigia hesabu.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba tumetia ombi la nusu siku yenye malipo kwa kila tarehe ya chanjo, kwa mama au kwa baba, vibarua nao wakiwemo. Baba pia anaweza kumbeba mtoto; msicheke.

Na mtoto akihara, awe amechanjwa au hakuchanjwa, aendelee kunyonya, apewe maji ya pakiti ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na vidonge vya zinki kutoka kliniki.

Wenye watoto chini ya miezi minne waandikishe tarehe zao kwa mwakilishi wa chama kabla ya Jumamosi, maana orodha hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani kwa mwajiri.