ISHARA ZA MTAMBO WA KIOO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wa reli twajua ya kwamba bendera nyekundu haisimamishi gari kwa nguvu zake. Gari husimama kwa kuwa dereva amefundishwa maana yake. Leo twataka kunena juu ya mtambo wenye kioo, na vibonye kama vya taipu, ambao makarani waliutumia kusemezana na kompyuta. Huo nao ulikwenda kwa ishara.

Tuchukue mmoja, VT100, uliotolewa na Digital Equipment Corporation ya Marekani mwaka 1978. Kioo chake kilionyesha mistari 24, kila mstari herufi 80. Huo haukuwa kompyuta yenyewe. Kompyuta ilikuwa mahali pengine, imeunganishwa nao kwa waya. Karani akibonyeza A, kwa kawaida herufi ile ilikwenda kwanza hadi kompyuta. Ikirudishwa, ndipo alipoiona. Basi akibonyeza asione kitu, si lazima kosa ni lake. Huenda waya umekatika, au kompyuta imelemewa na kazi.

Na mwenye kuandika programu aliuamrisha namna gani? Alituma alama isiyoonekana iitwayo ESC, kisha alama [, kisha amri yenyewe. Zikifuata 2J, kioo chote hufutika. Zikifuata 5;10H, maandishi huanzia mstari wa 5, nafasi ya 10. Zikifuata 7m, weusi na weupe hubadilishana; 0m huyarudisha kama kawaida. Kumbukeni: kufuta kioo si kufuta hesabu zilizowekwa ndani ya kompyuta.

VT100 haitengenezwi tena, lakini ishara hizo hata leo zafanya kazi katika programu nyingi zinazoiga kioo kile.

Ndugu, kwa nini twasema haya? Kwa sababu asiyejua ishara hubebeshwa kila kosa, naye hana la kujibu. Kwa hiyo twataka mambo matatu. Mtambo mpya ukiletwa, mafunzo yafanywe saa za kazi, mshahara usikatwe. Kila hitilafu iandikwe kitabuni: saa, kibonye kilichobonyezwa, na kilichoonekana kiooni. Tena sisi wenyewe tufundishane. Kijana amwonyeshe mzee kwa heshima, na mzee asione haya kuuliza.

Ajuaye kazi yake haonewi upesi. Umoja ni nguvu.