Masomo Yetu Yajitayarishe kwa Siku za Feza Haba

Hotuba ya prefe wa masomo ya ufundi ya parokia, siku ya Jubilei



Nimeombwa niseme juu ya masomo yetu ya useremala na ushonaji, na juu ya maisha yake katika miaka inayokuja. Siku ya jubilei watu hupenda kusikia habari za furaha, na ni haki yao. Lakini jubilei ya Waisraeli ilikuwa pia siku ya hesabu: mashamba yaliyouzwa yalirudi kwa wenyewe. Basi msinikasirikie nikisema juu ya feza.

Masomo haya yanaishi kwa mikono mitatu. Serkali inalipa walimu walioandikwa katika orodha yake. Wasioandikwa hawapati kitu kwake. Wazazi wanatoa sehemu yao, kwani masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni yale ya msingi, siyo ya kwetu. Na marafiki wa Ulaya wanatuletea vyombo: randa, misumeno, mashini za kushona. Kati ya mikono hiyo mitatu, hakuna hata mmoja usioweza kuchoka.

Wazee wanalijua jambo hili kuliko mimi. Tangu mwaka 1954 waziri Buisseret, kule Ubelgiji, alitaka kupunguza feza za masomo ya misioni. Maaskofu wakajibu kwamba wako tayari kuyafunga yote, mpaka mapatano yakapatikana mwaka 1956. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alitangaza kwamba serkali inatwaa masomo ya makanisa. Ikayarudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, mishahara ikibaki juu yake. Kisha miaka ya 1990 mishahara hiyo haikutosha tena kulisha nyumba, walimu wakagoma, na wazazi wakayabeba masomo migongoni mwao. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi katika Kongo zikasimama. Sisi hatukuwa tukipokea kitu huko. Lakini tuliona jinsi mlango mkubwa unavyofungwa kwa majuma machache tu.

Nani hapa kando ya ziwa asiyejua kazi ya mvuvi wa ndakala? Usiku wa giza anawasha taa, samaki wanaikusanyikia. Mwezi ukiwa mpevu, taa yake haina nguvu tena, mitumbwi inakaa mchangani. Lakini mvuvi hashangai, wala halaumu mwezi: ndakala zilizoanikwa ziko nyumbani, na siku hizo anashona nyavu. Na sisi katika masomo tumekwisha kufuata mwezi bila kusema, kwani wazazi wavuvi wanatulipa zaidi katika majuma ya giza. Sasa ninaomba tufanye hivyo kwa akili na kwa maandishi.

Komite ya wazazi imekubali kwamba sehemu moja ya kumi ya malipo ya kila muhula iwekwe kando. Wengi waliniuliza: tuiweke wapi? Swali hili lina maana kwetu. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 serkali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na za zaire kumi hazina kazi tena, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyezika akiba yake chungoni alifukua karatasi. Mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire mpya moja. Kwa hiyo shauri langu ni hili: feza kidogo zikae katika sanduku lenye funguo tatu, na nyingine zote zigeuzwe mbao. Mbao zilizopangwa vizuri chini ya paa, mbali na mchwa, zinakauka, na ubao mkavu una bei kuliko ubao mbichi. (Kuna waliotaka sementi. Sementi ikipata unyevu wa ziwa inakuwa jiwe ndani ya mfuko.)

Lililo gumu zaidi ni kuamua sasa, wakati tungali na kitu, tutapunguza nini kwanza. Mimi ninasema: karamu ya mwisho wa mwaka, kisha rangi ya kuta, kisha jengo jipya, hata kama msingi wake umekwisha chimbwa. Walimu wa karakana wasioandikwa na serkali waguswe mwisho kabisa, maana wao wakienda, randa zitabaki ukutani kama picha. Na tusikimbilie kuongeza malipo ya wazazi. Sisi walimu tumeona mara nyingi: malipo yakipanda, mtoto wa kwanza kurudishwa jikoni ni binti, naye pengine ndiye anayeshona vizuri kuliko wote.

Karakana pia inaweza kujisaidia. Inatengeneza milango, vitanda na, tusione haya, masanduku ya wafu. Shida yake ni madeni. Watu wanachukua na kuahidi. Hata parokia yenyewe, Padri Paroko anisamehe, haijamaliza kulipa viti mnavyokalia leo.

Kwa wageni wetu nina ombi moja. Kama huko kwenu mnaona msaada wa vyombo utapungua, mtuandikie mwaka mmoja mbele. Hatutawalaumu. Tutanunua mbao mapema na tutapokea watoto kwa hesabu tunayoiweza, kuliko kuwafukuza katikati ya muhula.

Hesabu za mwaka zitasomwa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Kila mzazi alete karatasi zake za malipo, ili tuzilinganishe na kitabu cha karani.