Daftari la Faini na Misa ya Papa Marcellus



Kilichonichokoza ni kikaratasi. Hivi karibuni nilikwenda kusikiliza kwaya ikiimba Missa Papae Marcelli ya Giovanni Pierluigi da Palestrina, na iliimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini ratiba tuliyogawiwa mlangoni ilitusimulia kwamba Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, nusura upige marufuku uimbaji wa sauti nyingi kwa kuwa maneno hayakusikika. Palestrina akatunga misa hii, makardinali wakaisikiliza, wakaridhika, muziki ukapona.

Wenzangu wa idara wanaijua habari hii, kwa hiyo nitapita haraka. Mwanamuziki Agazzari aliidokeza mwaka 1607, Baini akaipamba mwaka 1828 katika wasifu wake wa Palestrina, mtunzi Pfitzner akaigeuza opera iliyoonyeshwa Munich mwaka 1917. Azimio la Mtaguso la Septemba 1562 lilikataza mambo ya anasa na machafu katika kinanda na nyimbo za kanisani. Sauti nyingi halikuzigusa.

Ninayegombana naye leo ni msomi makini, anayekubali yote hayo kisha anasema: sawa, misa haikuokoa kitu, lakini ilitungwa ili maneno yasikike, basi na tuipime kwa kipimo hicho. Mimi nasema hiyo ni hadithi ileile, imevalishwa joho.

Tumtendee haki. Ana mashahidi wawili. Wa kwanza ni Angelo Massarelli, katibu wa Mtaguso, aliyeandika katika shajara yake kwamba Ijumaa Kuu ya tarehe 12 Aprili 1555 Papa Marcellus II, siku tatu tu baada ya kuchaguliwa, aliwaita waimbaji wake na kuwaagiza waimbe kwa namna inayoifaa siku ile, maneno yasikike na yaeleweke. Tarehe 1 Mei Papa huyo akafariki. Shahidi wa pili ni Palestrina mwenyewe: katika utangulizi wa kitabu chake cha pili cha misa, cha mwaka 1567, ambamo misa hii imo, anasema amefuata ushauri wa watu wazito na wacha Mungu, akatunga kwa mtindo mpya. Shahidi huyu ananisumbua, sifichi. Ila utangulizi ule umeelekezwa kwa Mfalme Philip II wa Hispania, na mtu anayemtabaruku mfalme kitabu hamwambii kwamba ndani yake hamna jipya.

Mimi nina shahidi wa tatu, na mtanivumilia nikimkawilia. Kwaya ya Papa ilikuwa na daftari. Mmoja wa waimbaji, aliyepewa kazi hiyo na wenzake, aliandika siku kwa siku nani amechelewa, nani hakuja, nani anaumwa, nani akatwe posho. Usomaji wake unachosha mno, nami sijaona chanzo kingine cha karne ya 16 kinachonifurahisha hivyo. Humo tunasoma kwamba tarehe 13 Januari 1555 Palestrina aliingizwa kwenye kwaya kwa amri ya Papa Julius III, bila kufanyiwa usaili na bila ridhaa ya waimbaji. Kinyongo kile bado kinanuka kwenye wino. Mwaka haukuisha, Papa Paul IV, wa tatu kwa mwaka ule mmoja, akawaondoa waimbaji wenye wake, na Palestrina alikuwa na mke.

Sasa fungueni tarehe 28 Aprili 1565. Waimbaji wamekusanyika nyumbani kwa Kardinali Vitellozzo Vitelli, kwa ombi lake, waimbe misa kadhaa na kujaribu kama maneno yanaeleweka, kama makardinali walivyopenda. Basi. Hatajwi mtunzi, haitajwi misa, halitajwi tokeo. Daftari lisilosamehe aliyekosa masifu ya jioni lingenyamaza siku muziki wote wa Kanisa unapookolewa?

Labda nalipenda daftari hili kwa sababu ujanani nilikuwa katibu wa kwaya ya kigango, mwenye kuandika mahudhurio na kudai faini za waliochelewa mazoezi. Katibu wa kwaya hujua jambo ambalo mtaalamu wa maandiko huweza kuzeeka asilijue: wimbo hutegemea nani amekuja. Waimbaji wa sauti ya nne wakipungua, mwalimu hubadili wimbo, hata kama askofu yumo kanisani.

Kwa hiyo tuisome misa kwa jicho la katibu. Ina mistari sita: sauti ya kwanza mmoja, ya pili mmoja, halafu sauti ya tatu miwili na sauti ya nne miwili. Mtunzi wa namna hii ana wanaume wengi wa sauti nzito, na anajua la kuwafanyia. Katika sehemu za Utukufu na Nasadiki anawakata makundi, watatu hapa, wanne pale, wengine wakivuta pumzi, kisha wote sita wanaingia pamoja. Kweli, hapo maneno yanasikika. Lakini maandishi ya sehemu hizo ni marefu, na watunzi walikuwa wakiyapa silabi moja nota moja kabla ya Trento kuitishwa. Vinginevyo padre angesubiri altareni hadi jua la utosi. Sasa njooni kwenye Bwana Utuhurumie, yenye maneno machache ambayo kila muumini anayajua: sauti zinafukuzana bila haraka yoyote. Mwanakondoo wa mwisho anaongezewa sauti ya saba, na tatu kati ya hizo saba zinaimba wimbo uleule, kila moja ikiingia nyuma ya mwenzake. Mtu anayehangaikia masikio ya makardinali anaongeza sauti ya saba?

Tungekuwa tunabishania ratiba tu, ningenyamaza. Lakini mwaka 1903 Papa Pius X, katika waraka wake juu ya muziki mtakatifu, aliusifu sana uimbaji wa sauti nyingi wa aina ya Palestrina, na katika waraka huohuo akakataza piano na ngoma kanisani. Wamisionari walituletea sheria hiyo mkobani. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alipochapisha mwaka 1963 kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, alikuwa akijadiliana na Palestrina aliyekwisha kufanywa rula. Palestrina wa daftarini, aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma na kutolewa kwa sababu ya ndoa, asingefaa kazi hiyo.

Na kama kuna anayetaka misa iliyotungwa kweli ili maneno yasikike, ipo. Mwaka 1565 Kardinali Carlo Borromeo aliandika Milano aagiziwe misa iliyo wazi kadiri iwezekanavyo, na aliyetakiwa kuitunga ni Vincenzo Ruffo, mwalimu wa kwaya ya kanisa kuu la huko. Misa zake nne za mtindo huo zikachapwa mwaka 1570. Kwaya zetu na ziziimbe. Nitakuja, nitasikia kila silabi ya Nasadiki, na tukifika kwenye Mtakatifu nitakuwa nimeanza kuitazama saa.