MAZUNGUMZO: KUCHELEWA KWA MKANDARASI KATIKA BWAWA LA RUFIJI



Mkaazi wa Unguja anapowasha taa, umeme unaomfikia umevuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kukumbushwa. Kwa hiyo, kituo kilichojengwa ng'ambo kinawahusu watu wa hapa.

Atokaye Morogoro Mjini kuelekea kusini hupita Bigwa, akaiambaa milima ya Uluguru kwa Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Mbele ya hapo, katika Mto Rufiji, ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mkataba wake wa shilingi trilioni 6.55 ulitiwa saini tarehe 12 Disemba, 2018, na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Kazi ilitakiwa kwisha Juni 2022.

Haikwisha. Maji yalikuwa yaanze kujazwa tarehe 15 Novemba, 2021, na siku hiyo ikapita. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni maradhi ya UVIKO-19 na kuchelewa kufika kwa winchi ya kunyanyulia milango ya chuma ya handaki la kuchepushia mto. Winchi moja! Milango isiposhushwa, maji huendelea kupita handakini, na ukuta, hata ukiwa mrefu namna gani, hauzuii kitu.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mkandarasi wa nyumba akichelewa, mwenye nyumba husubiri mwezi au miwili. Mto una kalenda yake. Mvua zinazoujaza Rufiji huanza kiasi cha Novemba na kwisha Mei, na aliyekosa msimu husubiri wa mwaka unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa: maji yalianza kuzuiwa tarehe 22 Disemba, 2022. Mtambo wa kwanza ukaingia katika gridi Februari 2024, na wa mwisho mwaka 2025.

Waziri wa Nishati wa wakati huo, Mheshimiwa January Makamba, alieleza hadharani kuwa tarehe ya Juni 2022 isingefikiwa. Ilikuwa taarifa chungu, lakini heri hiyo kuliko ahadi tupu.

Watumishi wanaosimamia mikataba, hata ikiwa ni ya jengo la skuli, wanashauriwa kuandika tarehe ya kufika kwa kila kifaa kinachoagizwa nje, na kudai hati za meli mapema, kabla ya kuhesabu urefu wa ukuta.