Pole Si Fidia

 

Mavuno yakifika huku kwetu, Kongwa, Chamwino mpaka Bahi, mashine za kupukuchua mahindi na za kukamua alizeti hunguruma tangu alfajiri. Vijana wengi hupata vibarua hapo. Leo tuseme habari ya yule anayeumia.

Chukua mfano huu. Mkanda wa mashine uko wazi, hauna kinga. Shati la kijana linanaswa, na mkono unakwenda nalo. Mwenye mashine analipa gari la hospitali, anatoa shilingi elfu hamsini za pole, basi. "Ni ajali tu, bwana!" Je, mambo yamekwisha? Hayajaisha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye mashine za hatari. Tena iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Tangu Julai 2022 ni senti 50 kwa kila shilingi 100 za mshahara. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi.

Aliyeumia kazini halazimiki kwanza kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Mfuko hulipia matibabu na ulemavu, na akifariki huwalipa wategemezi wake. Kutokuwa na mkataba wa karatasi kusikufanye unyamaze.

Sasa ufanyeje? Kwanza, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Pili, tunza kila karatasi ya hospitali. Tatu, mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwenye Mfuko. Asipopeleka, nenda mwenyewe au mtume ndugu yako. Usikawie: miezi 12 ikipita bila taarifa, haki yako inaweza kupotea.

Na wewe unayepukuchua mahindi yako mwenyewe, huna mwajiri, kwa hiyo Mfuko huu haukuhusu. Kinga yako ni kuufunika ule mkanda.

Nawe mwenye mashine, jiandikishe kwenye Mfuko, uchangie. Halafu tafuta kipande cha bati na bolti nne, ufunike mkanda leo, kabla injini haijawashwa. Bati hununuliwa dukani. Mkono wa mtoto wa mwenzako hauuzwi popote.

Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini, na mavuno mema.