Kura ya Kansili: Tuamue kwa Kuangalia Nini?



Nimeombwa nitoe mada kuhusu namna ya kuamua kura katika chaguzi za serikali za mitaa hapa Uingereza. Nitasema mapema ninachokiamini, ili wa kunipinga ajiandae. Kura ya diwani iamuliwe kwa yale ambayo halmashauri, au kansili kama tunavyoiita wenyewe, inayo madaraka nayo. Na katika hayo, uzito wa kwanza wapewe majirani zetu ambao maamuzi ya kansili yanawagusa nao hawana kura.

Watu hao ni wengi. Sheria inampa kura raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali na aliyetimiza miaka 18. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo, hata kama walichonacho ni viza ya masomo au ya kazi, na wanaweza kumchagua diwani na mbunge pia. Wengi wetu tumekaa miaka tukidhani kura ni ya mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake. Sasa mtazame Mkongo, Mrundi, Msomali wa Barawa au Mwomani mwenye asili ya Unguja. Akiwa na uraia wa kwao tu, England haimpi kura ya kansili. Akihamia Glasgow au Cardiff ataipata, kwa kuwa Scotland na Wales zimewaruhusu wakazi halali wa kigeni, wakiwamo wakimbizi, kuchagua madiwani, tena kuanzia umri wa miaka 16. Akibaki London analipa kodi ya kansili ileile, watoto wake wanasoma shule zilezile, anangoja nyumba katika orodha ileile, lakini siku ya kura anabaki nje. Kwa hiyo Mtanzania anayekaa mlango wa pili kutoka kwake anapoingia kituoni anashika karatasi ambayo matokeo yake yataingia nyumba zote mbili.

Wengi tumekuja na mazoea ya nyumbani. Tanzania rais, mbunge na diwani huchaguliwa siku moja, na tumeimbiwa mafiga matatu: usiondoe moja, chungu kitamwagika. Kenya karatasi ni 6 kwa siku moja, na vyama huomba kura kwenye zote 6. Hapa diwani ana siku yake, kwa kawaida Alhamisi ya kwanza ya Mei, na mara nyingi siku hiyo hakuna mbunge anayechaguliwa. Hata hivyo Waingereza wenyewe huitumia kumwadhibu au kumtuza Waziri Mkuu. Madiwani wachapakazi huangushwa kwa sababu chama chao kimechukiza kitaifa, na wavivu hupita kwa sababu upepo umewavumia. Siwalaumu wanaofanya hivyo, maana hasira ni haki ya raia. Lakini Waziri Mkuu akiudhika kwa siku mbili, wewe utakaa na kansili hiyo miaka 4.

Diwani hana kalamu ya viza. Hospitali haziko chini yake, wala benefiti kubwa zinazolipwa na serikali kuu. Mgombea akija mlangoni kuhubiri uhamiaji kwa nusu saa, hata akiwa anasema yale unayoyapenda, muulize nyumba.

Nyumba ndipo pa kuanzia. Tangu sheria ya mwaka 2011, kansili za England zimepewa uhuru mkubwa wa kuamua nani aingie kwenye orodha ya kungoja nyumba, na nyingi zimeweka sharti la kuwa umekaa eneo hilo miaka kadhaa. Familia iliyohamishwahamishwa kutoka nyumba ya muda mtaa huu kwenda mtaa ule ndiyo inayoumizwa na sharti la namna hiyo. Kuna pia wenye nyumba wa binafsi. Kansili inaweza kuwalazimisha wawe na leseni, ikague ukungu na msongamano, na imtoze faini anayepangisha banda. Newham ilianza kufanya hivyo karibu eneo lake zima mwaka 2013. Nyingine hazijataka kujisumbua. Huo ni uamuzi wa madiwani, unaoonekana ukutani mwa chumba cha mtoto mwenye pumu.

Kisha kodi ya kansili. Watu huuliza imepanda kwa asilimia ngapi, na kwa kweli hapo hakuna tofauti kubwa, kwa sababu kansili nyingi hupandisha hadi karibu na kikomo kilichowekwa na serikali kuu. Swali lenye nyama ni jingine: maskini anasamehewa kiasi gani? Tangu Aprili 2013 kila kansili ya England imejitungia mpango wake wa msamaha kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Mama mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa kodi yote akiwa upande huu wa barabara, na upande wa pili, chini ya kansili nyingine, akadaiwa sehemu yake hata kama hana kitu. Akishindwa kulipa, kansili ndiyo inayochagua kuzungumza naye au kumtumia wakusanya madeni. Haya hujadiliwa kila mwaka katika kikao cha wazi, na sijawahi kuona kipeperushi cha uchaguzi kilichoyaweka ukurasa wa kwanza.

La tatu nitalikalia kidogo, maana ndilo mkate wa wengi katika ukumbi huu. Kazi ya kea, kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani, sehemu kubwa hununuliwa na kansili kutoka kwa kampuni. Bei ambayo kansili inakubali kulipa kwa saa, na masharti inayoyaandika kwenye mkataba, ndiyo yanayoamua kama mhudumu atalipwa muda anaoupoteza kwenye basi kati ya mzee mmoja na mwingine, au kama atapewa dakika 15 za kumwogesha mtu, kumvisha na kumlisha. Mwaka 2012 chama cha wafanyakazi cha UNISON kilitoa hati ya maadili ya huduma hiyo, ikidai muda wa safari ulipwe na ziara za dakika 15 zisitumike kama kawaida. Kansili kama Islington na Southwark ziliisaini. Dada zetu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kuwainua wazee wa watu wana sababu ya kumuuliza kila mgombea: kansili hii imesaini? Kama imesaini, inakagua? Na huduma hii, ya wazee na ya watoto walio hatarini, ndiyo inayokula sehemu kubwa ya fedha za kansili nyingi. Anayeahidi kukata matumizi bila kuigusa hajasoma bajeti. Nje ya London na majiji makubwa, maeneo mengine bado yana ngazi mbili, kaunti ikishika huduma hii na wilaya ikishika nyumba na taka. Hakikisheni karatasi mtakayopewa ni ya ipi.

Wapo wanaosema kansili ni mambo ya mapipa ya taka tu. Nawajibu kwa kisa kinachotuhusu watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya wasije Leicester, kwa maelezo kwamba nyumba, shule na huduma zimeelemewa. Serikali kuu ilikuwa inawapokea. Waliotaka kuwafungia mlango walikuwa watu wa kansili. Maelfu walikuja hivyo hivyo. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, hivyo walikuwa na haki ya kura, na miaka ilivyokwenda jiji hilo likapata madiwani na mameya wa asili ya Asia.

Sasa fedha. Kansili ikishindwa kusawazisha bajeti yake, mkuu wake wa fedha hutoa taarifa ya kisheria ya kusimamisha matumizi mapya yasiyo ya lazima. Croydon ilitoa mwaka 2020, Thurrock 2022, Woking na Birmingham 2023. Woking, mji wa watu laki moja na kidogo, ilijikuta na deni linalokaribia pauni bilioni 2, sehemu kubwa kwa ajili ya majengo marefu katikati ya mji. Thurrock ilimwaga fedha kwenye biashara ya umeme wa jua. Birmingham ililemewa na madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi zenye thamani sawa, pamoja na mfumo wa kompyuta ulioharibika, na mwaka 2024 ikaruhusiwa kupandisha kodi kwa asilimia 9.99. Woking na Thurrock zilizama chini ya Conservative, Croydon na Birmingham chini ya Labour. Sioni chama ambacho jina lake linatosha kuwa dhamana. Kinacholinda mji ni diwani anayesoma makabrasha na kuuliza maswali hata kama aliyeyaleta ni mwenzake wa chama.

Utamjuaje? Kumbukumbu za vikao ziko wazi: nani alihudhuria, na mara nyingine nani alisema nini na nani alipiga kura upande gani. Vikao vyenyewe viko wazi kwa umma, na vingi hurushwa kwenye intaneti. Kila mwaka hesabu za kansili huwekwa wazi kwa ukaguzi siku 30 za kazi, na mpiga kura ana haki ya kuziangalia na kumwandikia mkaguzi. Mimi ningetumia jioni moja kusoma mijadala ya bajeti ya kansili yangu kuliko kusikiliza midahalo ya televisheni wiki nzima. Na kwa kuwa wengine wetu hatusomi Kiingereza cha ofisini kwa urahisi, kazi hiyo ifanywe kwa pamoja, msikitini, kanisani au nyumbani kwa mtu, mmoja akisoma na kuwafafanulia wenzake.

Vipeperushi vipokeeni kwa tahadhari. Vingi vina chati inayoonyesha kwamba ni vyama viwili tu vinavyoweza kushinda hapa. Angalieni chini yake kwa maandishi madogo: mara nyingine takwimu ni za uchaguzi wa ubunge, au za mwaka mwingine. Matokeo halisi ya kata yako yamo kwenye tovuti ya kansili. Hayo ndiyo ya kutumia kama unataka kupiga kura ya kumzuia fulani, jambo ambalo si dhambi, maana England anayeongoza kwa kura hupita hata bila kufikia nusu. Scotland mambo ni tofauti: unapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, na kura yako ikikosa kazi kwa wa kwanza huhamia kwa anayefuata, kwa hiyo huna haja ya kumwacha unayempenda kwa hofu. London kata nyingi zina madiwani 3, nawe unazo kura hadi 3. Hulazimiki kuzimwaga zote kwa chama kimoja. Unaweza kumchagua mchapakazi wa huku na mchapakazi wa kule.

Anayedhani kura yake haitaonekana akumbuke South Blyth, kata ya Northumberland, mwaka 2017. Wagombea wawili walilingana kura hata baada ya kuhesabu upya, ikabidi wavute vijiti. Conservative walihitaji kiti hicho kupata wingi wa baraza zima. Kijiti kikamwangukia Liberal Democrat. Mtu mmoja zaidi angetoka nyumbani siku ile, kijiti kisingehitajika.

Jambo moja linaniuma, nami nitalisema waziwazi. Kura ni ya mtu binafsi. Kumekuwa na tabia ya baba kukusanya kura za posta za nyumba nzima na kuzijaza mezani. Hilo ni kosa la jinai. Tangu 2023 ni kosa pia kumfuata mtu kwenye kibanda cha kura ili umshawishi. Na viongozi wetu wa dini wajue mpaka wao: mwaka 2015 mahakama ilifuta uchaguzi wa meya wa Tower Hamlets kwa makosa kadhaa, mojawapo likiwa shinikizo la kiroho lililotokana na barua ya maimamu gazetini. Meya huyo alirudi kwa kura mwaka 2022, lakini mpaka uliochorwa na jaji upo palepale. Kuwahimiza waumini wapige kura ni jema. Kuwaambia kwamba kumchagua fulani ni wajibu wa dini ni jambo jingine.

Napendekeza basi, kabla ya kuchukua maswali, kwamba semina hii iunde kamati ndogo ya kuwaalika wagombea wa kata zetu wote, wa chama chochote, na iwaulize mambo matatu tu: msamaha wa kodi, leseni za wenye nyumba, na mkataba wa kea. Wasio na kura wakae mstari wa mbele na ndio waulize. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kusambazwa. Kamati hiyo pia iwasaidie watu kujiandikisha, maana daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya kura, na iwakumbushe wa England kubeba kitambulisho cha picha. Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, alimradi sura ingali yako. Asiye na chochote anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo. Na kama yupo humu mwenye ukazi wa kudumu na moyo wa kugombea, udiwani hauna dhamana ya fedha. Fomu inahitaji saini mbili za wapiga kura wa kata, na naamini zinapatikana katika chumba hiki.